Ngome ya Mauterndorf kwa jicho la mtu wa forodha

Wengi wanaopanda kilima cha ngome ya Mauterndorf huenda kutafuta mashujaa na panga zao. Mimi nilienda kutafuta geti. Kabla sijafika Austria kuosha vyombo, na baadaye kutandika vitanda, katika hoteli za wateleza kwenye theluji, nilikuwa wakala wa forodha Namanga. Mtu aliyewahi kukaa mpakani akisubiri mizigo ya wateja wake itolewe hawezi tena kuona jengo la kale kando ya barabara bila kujiuliza: hapa nani alikuwa akimsimamisha nani, na akimtoza nini?

Kwa ngome hii swali hilo linafungua karibu milango yote. Ni ngome ndogo. Ukiiweka kando ya Hohensalzburg, ile iliyoukalia mji wa Salzburg kichwani, hii ni kama ofisi ya mtendaji wa kata mbele ya Ikulu. Haikujengwa na mfalme aliyeogopa maadui. Ilijengwa na makasisi waliotaka ushuru wao ulipwe, wote na kwa wakati.

Mauterndorf iko Lungau, kusini mwa jimbo la Salzburg, mita 1,122 juu ya usawa wa bahari. Ni bonde la juu lililozungukwa na milima, na baridi yake ni ya kuheshimiwa; wenyeji wenyewe huliita Siberia ya Austria. Hoteli tulizofanyia kazi ziko juu zaidi, Obertauern, kwenye njia ya mlimani iitwayo Radstädter Tauern inayopita mita 1,700 na ushee. Wengine wetu tulilala bondeni, na alfajiri basi lilitupandisha kazini. Barabara inapoanza kuondoka kijijini inapita chini ya mwamba, na juu ya mwamba ndiyo ngome. Msimu mzima nilipita hapo gizani nikiwa nusu usingizini kabla sijapanda kuiangalia.

Barabara ile ni ya zamani kuliko kila kitu. Warumi walipitisha hapo njia yao kutoka kusini kwenda Iuvavum, mji wao uliosimama palipo Salzburg leo, na mawe yao ya kuhesabia maili bado yamesimama kando ya lami. Unaweza kuyapita na basi usiyaone, maana hayana mbwembwe: nguzo za mawe tu, nene, zenye herufi zilizoliwa na mvua. Kituo chao katika bonde hili kiliitwa Immurium, karibu na Moosham, mwendo mfupi kutoka Mauterndorf. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka elfu moja kabla ya ngome kulikuwa tayari na watu wanaopandisha mizigo juu ya mlima na wengine wanaowangoja upande wa pili. Katika Zama za Kati chumvi ya maaskofu wakuu wa Salzburg, iliyochimbwa Dürrnberg juu ya Hallein, ilisafiri kuelekea kusini. Mvinyo, mafuta ya zeituni, vitambaa na viungo vya Venisi vilipanda kuelekea kaskazini. Farasi na nyumbu waliobeba mizigo hawakuwa na njia nyingi za kuchagua.

Hapo ndipo uzoefu wa Namanga uliponisaidia. Kila mtu wa mpakani anajua kuwa geti peke yake halikusanyi kitu. Unaweza kuweka kizuizi cha chuma, taa na askari, na bado sukari na mahindi yakapita nyuma ya kilima kwa pikipiki, kwenye njia za panya. Kituo kizuri cha forodha kinawekwa mahali ambapo njia ya panya ni ghali kuliko ushuru wenyewe. Siku nilipopanda ngomeni nilisimama kwenye ukuta nikaangalia bonde kwa jicho hilo. Mto Taurach unashuka, barabara inaufuata, na kando ya vyote viwili mwamba umejitokeza kama umewekwa makusudi. Milima imebana pande zote. Wakati wa baridi hakuna mtu mwenye akili anayeacha barabara na farasi aliyebeba chumvi akajitosa kwenye theluji inayofika kiunoni. Mlima ulifanya kazi ya askari bila kulipwa mshahara. Aliyechagua eneo hili alikuwa mtu wa kazi.

Tulikuwa na kijana mmoja wa Kenya jikoni, aliyewahi kuwa tanboi wa malori ya Mombasa. Aliangalia chini mara moja tu akacheka: "Dada, hii si ni Mlolongo mtupu!" Anayeijua mizani ya kupimia malori pale Mlolongo, nje ya Nairobi, ataelewa. Kijana alikuwa amemaliza muhtasari wa historia ambao kile kifaa cha kusikilizia maelezo tulichopewa mlangoni kiliuzunguka kwa dakika nyingi.

Miaka yenyewe ndiyo hii. Mwaka 1002 mfalme Heinrich wa Pili alimpa Hartwig, askofu mkuu wa Salzburg, ardhi katika Lungau. Baadaye sehemu hii ikawa mali ya baraza la makanoni wa kanisa kuu la Salzburg, yaani wale mapadri waliomchagua askofu mkuu na waliokuwa na mali yao wenyewe, mbali na yake. Wasomaji Wakatoliki wataelewa haraka kuwa hapo kuna mifuko miwili, na mifuko miwili ndani ya nyumba moja haikosi maneno. Mwaka 1217 Mauterndorf ikapata haki za soko kutoka kwa mfalme Friedrich wa Pili. Kuanzia 1253 makanoni wakajenga ngome.

Angalia mpangilio huo. Kwanza ardhi, halafu haki ya kukusanya, halafu ndipo kuta. Nilikuwa nimezoea hadithi za ngome zinazoanza na mtu mkali mwenye upanga anayejenga kisha anaanza kudai. Huenda wengine walifanya hivyo. Hapa karatasi zilitangulia mawe. Tangu hapo, kila ninapotembelea jengo la kale, naulizia kwanza lilikuwa na haki gani kabla sijaulizia lina vyumba vingapi, na mara nyingi mtembeza wageni hufurahi, kwa sababu amechoka kuulizwa choo cha mfalme kilikuwa wapi.

Je, mlipaji alipata nini? Hilo nalo ni swali la mtu wa forodha, maana wateja wangu waliniuliza kila wiki. Jibu liko juu mlimani. Kando ya njia ya Tauern zilikuwako nyumba za wasafiri, ambazo wenye nazo walipewa ardhi na msaada na maaskofu wakuu kwa sharti la kupokea wapitaji na kuwasaidia wakati wa dhoruba. Na pale Obertauern kuna makaburi madogo ya wale waliokutwa wamekufa njiani, wengi bila majina. Nilikuwa napita jirani nayo wakati wa mapumziko ya mchana. Wenzangu walisema ni mahali pa huzuni. Mimi niliona pia kumbukumbu ya biashara. Watu hawakuwa wakipanda huko kwa matembezi. Kila aliyelala pale alikuwa na kitu cha kupeleka upande wa pili, au ujira wa kuchukua.

Sasa jengo lenyewe. Kinachoonekana kutoka mbali ni mnara, mita 44, wa mraba na mwembamba, wenye paa linaloshuka kwa ukali. Kando yake kuna jumba la makazi, kikanisa, majengo ya huduma, na ukuta unaovifunga vyote kwa kufuata umbo la mwamba. Kwa hiyo usitafute mstari ulionyooka wala pembe mraba. Mwamba uliamua ramani, fundi akafuata. Ua wa ndani ni mdogo kiasi kwamba ukisimama katikati unasikia mazungumzo ya pande zote. Sijui kama walipanga hivyo, ila kwa mahali panapohesabiwa fedha si jambo baya.

Mnara una ghorofa sita. Tuliupanda taratibu, mimi nikihema, kijana wa Kenya akiwa ameshatangulia. Minara ya aina hii katika nchi zinazosema Kijerumani huwa na kuta nene mno chini na madirisha yaliyo nyufa tu, na mlango wake wa awali mara nyingi uliwekwa juu, mbali na ardhi, wa kufikiwa kwa ngazi inayoweza kuondolewa. Ni mahali pa mwisho pa kukimbilia. Lakini ukifika juu unaelewa kazi yake ya kila siku, ambayo haikuwa kukimbiliwa. Kutoka kule unaiona barabara inavyoshuka kutoka mlimani na inavyoendelea bondeni. Mlinzi aliuona msafara mapema, karani akapata muda wa kutoa daftari. Namanga tulikuwa na mtu wa namna hiyo. Alikaa kwenye kibanda cha chai kilomita kadhaa kabla ya mpaka na kutupigia simu lori la mteja likipita. Alilipwa chai na nauli.

Kama una muda mchache, acha vyote nenda kwenye kikanisa. Ukutani kuna michoro ya karne ya 14, Bikira Maria akivishwa taji kwenye tao lililo mbele ya altare, na altare yenyewe ina milango ya mbao inayofunguka na kufungwa, kazi ya katikati ya karne ya 15. Nilikaa humo muda mrefu kwa sababu kulikuwa na joto zaidi kidogo kuliko uani, na kwa sababu kikanisa hicho kina msimamizi aliyenishangaza: Mtakatifu Heinrich. Ni yule yule mfalme aliyetoa ardhi mwaka 1002. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1146. Makanoni wangeweza kuchagua Petro, au Yohane, au Rupert ambaye ni msimamizi wa Salzburg na alihusika na chumvi kuliko wote. Wakachagua aliyewapa kiwanja.

Tafsiri yangu, na naitoa kama yangu, ni kwamba kikanisa hiki kilikuwa pia hatimiliki. Mfanyabiashara wa Venisi au wa Salzburg aliyekasirishwa na ushuru akiingia kusali alikuwa anapiga magoti chini ya jina la mtu aliyewapa wenye ngome haki ya kuwa hapo. Utabishana vipi na risiti iliyotangazwa takatifu? Mama mmoja wa kijijini, mstaafu wa ualimu aliyekuwa akinifundisha Kijerumani kwa malipo ya kumsaidia kusukuma theluji mlangoni pake, alinisikiliza nikieleza nadharia hii kwa sentensi zangu za kuchechemea. Akanyamaza, kisha akasema kuwa amesali humo tangu utotoni na hajawahi kufikiria jambo baya hivyo. Halafu akaongeza kuwa huenda ni kweli. Nilimpenda zaidi siku hiyo.

Mtu anayetajwa kuliko wote ngomeni ni Leonhard von Keutschach, askofu mkuu kuanzia 1495 hadi 1519. Aliitumia Mauterndorf kama makazi ya kiangazi, akaipanua, na vyumba vyake vimepangwa upya kwa masanamu yaliyovalishwa nguo, karamu mezani na watumishi pembeni. Watoto wanapenda sana. Nembo yake ilikuwa figili, ndiyo, figili, na ukishaijua unaiona kila mahali, hapa na Hohensalzburg alikojengesha vyumba vya dhahabu. Wanasema mjomba wake alimtupia figili kichwani alipokuwa kijana mtukutu na ndipo akatulia. Hadithi tamu, na ngano za aina hiyo humsaidia mtu mkubwa kuonekana mjukuu wa kila mtu.

Kile kifaa cha maelezo kilimchora kama mzee mcheshi. Niliporudi chumbani nikasoma zaidi. Mwaka 1498 aliwafukuza Wayahudi wote katika nchi yake. Mwezi Januari 1511, meya na madiwani wa mji wa Salzburg walipokuwa wakidai haki za mji wao, aliwaalika ngomeni kwake kwa chakula, akawakamata, kisha akawasafirisha kwa sleji katika baridi kali hadi Radstadt, mji ulio upande wa kaskazini wa mlima huu huu wa Tauern. Huko mnyongaji alikuwa akiwasubiri. Waliombewa, wakasamehewa, na wakaondoka wakiwa wamesaini kuacha haki walizokuwa wakizidai. Tangu hapo kila nilipoona figili ukutani niliwafikiria wale wazee kwenye sleji. Aliyekuwa na mamlaka juu ya barabara alikuwa na mamlaka pia ya kumpeleka mtu mahali asipotaka kwenda.

Kuna jambo wageni wengi hulipita bila kuligusa. Ngome hii tunaiita ya Austria, lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuwa katika Austria. Salzburg ilikuwa nchi ya askofu mkuu, yenye sarafu na sheria zake, hadi ilipoondolewa mikononi mwa Kanisa mwaka 1803. Baada ya hapo ilirushwa huku na huku katika vita vya Napoleon, ikawa chini ya Bavaria kuanzia 1810, na ikabaki Austria moja kwa moja mwaka 1816. Mpaka ulipohama, kituo cha ushuru kikapoteza bwana wake. Ngome ikawa mali ya serikali isiyoihitaji. Paa likavuja, kuta zikaanza kubomoka. Nimewahi kuona nyumba za forodha zilizoachwa namna hiyo. Hakuna jengo linalooza haraka kama lililokuwa likipokea fedha kisha likaacha.

Halafu 1894. Mwaka huo yalitokea mambo mawili. Reli nyembamba ya bonde la Mur, yenye upana wa milimita 760, ilifunguliwa kutoka Unzmarkt hadi Mauterndorf. Na daktari tajiri wa Berlin, Hermann von Epenstein, akainunua ngome iliyokuwa gofu na kuanza kuikarabati, kazi iliyochukua takriban miaka kumi. Hapa ndipo nilipopata somo ambalo limebadilisha namna ninavyoangalia majengo yote ya kale. Sehemu kubwa ya unachokiona ukiwa Mauterndorf, utimilifu wake, jinsi kila kitu kilivyo mahali panapostahili ngome, ni uamuzi wa watu wa mwisho wa karne ya 19 kuhusu karne ya 13 ilipaswa kuonekanaje. Siku hizi sikubali tena jibu la mwaka mmoja. Jengo lina umri mwingi: ukuta una wake, paa lina lake, dirisha lina lake. Uliza kimoja kimoja.

Na hapo nikajikuta nimerudi kwetu bila kutaka. Mimi ni mtoto wa Mikindani, na juu ya mji wetu kuna boma la Mjerumani la mwaka 1895, jeupe, lenye mnara wenye meno juu kama wa ngome za vitabuni. Nilipokuwa mdogo nilidhani Wadachi walijenga hivyo kwa sababu ndivyo nyumba zao zilivyo. Sivyo. Miaka ya 1890 Wajerumani matajiri na maofisa wao walikuwa wamelewa Zama za Kati. Walifufua magofu kwao na walijenga mapya kwetu. Boma la Mikindani na ukarabati wa Mauterndorf vimepishana mwaka mmoja tu. Kusudi la jengo letu nalo halikuwa la kishujaa: utawala, polisi na kodi. Leo ni hoteli.

Kiungo na Afrika kinaendelea, na hiki hakichekeshi. Epenstein alikuwa rafiki wa Heinrich Göring, aliyekuwa kamishna wa Ujerumani katika Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, kuanzia 1885 hadi 1890. Mwaka 1893 Göring alipata mtoto wa kiume, Epenstein akawa baba wa ubatizo, na mtoto akapewa jina lake: Hermann. Mtoto huyo alitumia sehemu ya utoto wake katika ngome hii, akicheza kwenye kuta zilizokuwa zikijengwa upya. Ndiye Hermann Göring aliyekuja kuwa mtu wa pili kwa Hitler.

Epenstein alikuwa na nasaba ya Kiyahudi upande wa baba. Alifariki mwaka 1934. Septemba 1935, mjini Nuremberg, Hermann Göring akiwa spika wa bunge alisimama akasoma sheria zilizowavua Wayahudi uraia. Mjane wa Epenstein alimwachia Göring ngome. Mwisho wa vita, Göring akiwa amevuliwa vyeo na Hitler na kushikwa na walinzi wa SS, kikosi cha Wanazi, aliletwa Mauterndorf baada ya makazi yake kule Obersalzberg kupigwa mabomu tarehe 25 Aprili 1945, na siku chache baadaye akajisalimisha kwa Wamarekani. Mtu aliyekuwa na majumba kila mahali, siku za mwisho alirudi kwenye ngome ya utotoni.

Nilimuuliza yule mama mwalimu jinsi kijiji kinavyoishi na kumbukumbu hiyo. Hakukwepa. Alisema wageni ni wa aina tatu: wanaotaka isitajwe, wanaokuja kwa ajili hiyo tu, na wasiojua. Wa kuogopwa ni wa pili. "Wewe ni wa ngapi?" akaniuliza. Nikamwambia ni wa nne, nilikuja kuangalia geti. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Ngome imekuwa mali ya jimbo la Salzburg tangu 1968. Ina makumbusho ya Lungau ndani yake, na hafla za utamaduni. Ni matumizi mazuri, sina la kuongeza, ila ningependa pangekuwa na chumba kimoja cha ushuru wenyewe, chenye mizani, magunia na daftari, badala ya karamu nyingine ya masanamu.

Ushuru wenyewe haujaondoka bondeni, umehama tu kilomita chache. Mwaka 1975 barabara kuu ya A10 ilitobolewa chini ya milima kwa mahandaki mawili, la Tauern lenye urefu wa zaidi ya kilomita sita na la Katschberg, na kituo cha tozo kikawekwa St. Michael, humu humu Lungau. Malori ya Italia, Slovenia na Ujerumani yanapanga foleni pale kulipia mlima, kama misafara ya chumvi ilivyofanya, ingawa sasa mashine husoma namba za magari. Mei 1999 moto uliwaka katika handaki la Tauern baada ya ajali ya lori na watu 12 wakafariki. Baadaye likachimbwa la pili sambamba nalo. Kwa hiyo lile swali la mlipaji anapata nini bado linaulizwa, na bado jibu lake linapimwa kwa wanaofika upande wa pili wakiwa hai. Barabara ya juu, ile ya Warumi na ya basi letu la alfajiri, inaitwa B99 na haina tozo. Dereva wa gari dogo asiyetaka kulipia mahandaki hupanda huko na kupita chini ya ngome. Yaani barabara iliyojengewa ngome ili ilipiwe ndiyo sasa njia ya panya. Kijana wa Kenya alipogundua hilo alimpigia simu baba yake Mombasa kumweleza.

Kama unapanga kwenda, nenda kiangazi. Ukiweza kufika siku ya maandamano ya Samson utabahatika: ni sanamu refu la takriban mita sita, zaidi ya kilo 80, linalobebwa na mtu mmoja anayelizungusha huku bendi ikipiga, na vibete wawili pembeni. Vijiji kadhaa vya Lungau vina Samson wao, na tangu 2010 desturi hiyo imo katika orodha ya Austria ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini usianzie ngomeni. Anzia kwenye mtaa wa soko, utazame nyumba zenye mapaa ya ngazi na kuta zilizochorwa, kwa sababu hizo ndizo zinazoonyesha kuwa fedha ya barabara haikubaki yote juu ya mwamba. Wenye nyumba za wageni, wenye farasi na wafanyabiashara walipata chao. Kisha fuata barabara kidogo upande wa mlimani utafute jiwe la Kirumi. Panda ngomeni baada ya hapo, uingie kikanisani kabla ya vyumba vya askofu mkuu, na mnara uwe wa mwisho, miguu ikiwa imeshachoka.

Watoto wakilalamika, kuna treni ya makumbusho inayotoka Mauterndorf hadi St. Andrä kwenye kipande cha ile reli ya 1894. Abiria wa kawaida waliacha kuhudumiwa kwenye kipande hicho mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu 1988 kinaendeshwa na wapenzi wa reli. Tiketi hukatwa kwa mkono. Nilimuuliza mkataji kama huwa anakagua walioruka kituo, akaniangalia kama mtu aliyekutana na mkaguzi kutoka makao makuu.